Kibao cha Kumsemea Baba

Tinde, 21 Januari 2024

Adam mdogo wangu,

Mwangaluka. Huku hatujambo, isipokuwa mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wangu wote na mwenyewe anasema eti kosa ni langu, kwa nini sikujenga ua. Mvua imekuja vizuri, mpunga wa bondeni umesimama. Mwanangu Noela ameingia kidato cha kwanza, sare inamwelea kama gunia. Anakuamkia.

Kibao kimefika. Nilikichukua stendi kwa kondakta, kimefungwa magazeti mengi mpaka nikadhani umenitumia samaki sato. Ulisema nikikurudishia kadi yake ya kumbukumbu niandike matatizo yote kwenye karatasi, maana kwenye simu nusu nasahau na nusu nakutukana. Haya, naandika.

Kwanza, wabeja, asante sana. Tangu kiharusi kimnyang'anye baba ulimi, mimi nilikuwa mtu wa kubahatisha. Ni maji? Ni choo? Ni mto umekaa vibaya? Naye anatokwa machozi kwa hasira. Sasa anagusa picha ya kikombe kwenye kioo, kibao kinasema, "Naomba maji." Mara ya kwanza nilidondosha sufuria, nikadhani kaka yako Nkwabi amesimama nyuma yangu. Ulifanya akili kumrekodi Krismasi ile alipopita dukani kwako. Sauti yake na ya baba ni moja. Wewe una sauti ya beberu. Baba mdogo Mihayo alipokuja akamwamkia kaka yake, baba akagusa, kibao kikaitikia, "Marahaba." Mzee wa watu alikaa chini bila kutafuta kiti.

Sasa matatizo. Baba akikilaza kibao ubavu, mambo yanageuka. Anagusa kikombe, kinasema anataka choo. Jana nimemkokota mpaka nje huko, kumbe mtu ana kiu! Pili, mkono unamtetemeka, kwa hiyo kinasema naomba maji, naomba maji, naomba maji, kama kasuku. Tatu, maneno hayatoshi. Hakuna mguu, hakuna baridi, hakuna "niitieni padri". Ule mchezo wa kuswaga ng'ombe zizini usiuguse. Anaucheza kwa mkono wa kushoto, na ng'ombe akitoroka anakunja uso kama enzi zake.

Najua huko machimboni kwa Nkwabi, kupita Buseresere, simu hazishiki. Lakini Nkwabi akija mjini kununua chakula, mkamate arekodi hayo maneno. Mwambie dada yake anasema asirudi shimoni kabla hajamaliza.

Mimi dada yako,
Melania


Geita, 9 Machi 2024

Dada Melania,

Shikamoo. Natumaini nyote mna nafuu na baba anakula vizuri. Mimi nipo. Geita ni matope mpaka magotini, bodaboda wanaanguka hovyo, na kila anayeanguka ananiletea simu iliyopasuka kioo. Hongera kwa Noela, mwambie sare atakua nayo.

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zilinibana.

Kuhusu kugeuka, kosa ni la programu yangu. Picha zilikuwa zinazunguka lakini sehemu za kugusa zinabaki pale pale. Nimerekebisha. Chomeka kadi hii kwenye kibao, washa, kibao kitajisomea programu mpya chenyewe. Kitakuonyesha alama za msalaba kwenye pembe. Ziguse moja moja kwa ncha ya kijiti. Ndiyo, kijiti kinakubali, maana kioo hicho si kama cha simu yako. Kina tabaka mbili, kinachosikia ni mgandamizo. Chochote kikikikandamiza, kwake ni kidole. Kuhusu kutetemeka, nimekiambia kikishasema neno kipumzike kidogo ndipo kisikie tena. Ukimaliza kukitumia zima swichi ya nyuma, betri idumu.

Maneno yote uliyoomba yapo: mguu, baridi, padri. Nimerekodi mimi mwenyewe. Kaka yuko mbali. Hiyo sauti ya beberu mtanivumilia.

Mpe baba shikamoo yangu.

Adam


Tinde, 24 Machi 2024

Adam,

Leo ni Matawi, tumetoka kanisani sasa hivi na vumbi la miguu sijanawa. Baba anakula, mguu umevimba kidogo. Kuku wameingiwa na ugonjwa wa kideri, wamebaki wachache.

Kibao hakigeuki tena, hapo nakupa heko. Lakini baba akigusa mguu ikatoka sauti yako, anakitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Usikasirike. Maneno yako hayagusi kabisa. Mguu ukimuuma anagusa "Nimechoka" ya Nkwabi, nami naanza kutafuta amechoka wapi.

Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: nikikupigia simu hupokei. Juzi nikaomba simu ya Euphrasia, yule anayekaanga chipsi stendi. Ulipokea, ukasema haloo, uliposikia ni mimi ukakata. Usiniambie mtandao! Tangu lini fundi simu mzima anaandika barua kama mzee wa posta? Na Nkwabi namba yake hata haiiti. Dereva mmoja wa lori aliyelala hapa alituambia mvua za mwezi wa pili zimebomoa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kule kwenu. Nikamuuliza maduara yapi. Akasema, mama, mengi.

Pasaka ni Jumapili ijayo. Mwambie Nkwabi aje hata anywe chai tu aondoke. Pikipiki ikikata kona, baba anageuza uso mlangoni. Na wewe nijibu kwa mdomo, sitaki kadi.

Melania


Geita, 20 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Pasaka imepita, naamini mlisali vizuri. Pole kwa kuku. Mimi nimehamisha duka, sasa nimepakana na muuza magodoro, mtu mcheshi sana, anaimba kutwa nzima.

Kuhusu simu, mtandao wa huku unasumbua kweli.

Nimepata njia ya yale maneno. Nimechukua rekodi zote za kaka nikazikata vipande kwenye kompyuta. "Naumwa" nimeitoa kwenye "naumwa kichwa". "Mguu" aliutaja akinitania kabla hatujaanza kazi, kumbe mashine ilikuwa imeshawashwa. Nimeunganisha. Ni kazi ya subira, neno moja linamaliza asubuhi. Sauti ya beberu nimeiondoa yote, sasa anasema mtu mmoja.

Pia nimeongeza kitufe chenye picha ya kaka, ile aliyopiga amevaa kofia. Baba akikigusa atasikia salamu zake. Aliniachia ujumbe. Yeye yupo kazini. Maduara yaliyobomoka ni ya upande mwingine.

Mwache baba asikilize tu, usimchoshe kwa maswali.

Adam


Tinde, 5 Mei 2024

Adam,

Leo sina salamu.

Baba alikigusa kile kitufe. Kikasema, "Baba. Niko kazini. Kesho nakuja nyumbani." Baba alicheka, Adam. Mdomo unaokubali upande mmoja tu, alicheka nao. Akagusa tena. Akagusa tena. Halafu kicheko kikaisha. Akanitazama, akauinamisha mkono wake mzima mbele yangu, vile mtoto anavyoinama kuamkia, kisha akautikisa: hakuna.

Ndipo nikaelewa. Hakuna shikamoo! Nkwabi huyu, ambaye hata akilewa anaamkia mpaka nguzo za umeme, amtumie baba yake salamu bila shikamoo? Nikakipekua kibao chote. Marahaba ipo, shikamoo haipo. Ingetoka wapi? Maneno yale yalirekodiwa ya kumsemea baba, na baba hapa nyumbani anamwamkia nani? Hukuwa nayo, ukairuka. Tena kuna mlio wa pikipiki unaanza kwenye "kesho" na kufa kwenye "nakuja", kama umepigwa panga.

Mtu aliye hai hukati maneno yake ukayashona. Unamwambia sema, anasema.

Nkwabi yuko wapi? Kitufe hicho nimekibandika plasta. Baba hajala tangu jana. Nijibu, Adam, la sivyo napanda basi nije nikuulize mbele ya huyo muuza magodoro wako.

Melania


Geita, 12 Mei 2024

Dada,

Shikamoo.

Nkwabi amefariki. Duara lilimfunika mwanzoni mwa mwezi wa pili, mvua ile ya mfululizo. Matimba, yale magogo ya kushikilia kuta, yaliteleza na udongo ukashuka wote. Wenzake walikuwa juu, wakatoka. Yeye alikuwa chini kabisa. Nilipigiwa simu kutoka Buseresere nikaenda kwa bodaboda. Tulichimba. Ukichimba huku, kule kunashuka. Mwishowe wakubwa wa machimbo wakasema tutapoteza wengine, shimo likafukiwa. Hakutolewa. Juu yake kuna msalaba wa mbao, jina nimeliandika mimi. Usiniulize kama aliita.

Niliporudi dukani nilikuta barua yako mezani, bado sijaifungua. "Mkamate arekodi hayo maneno." Ningekujibu nini? Niliwasha kompyuta nikamsikiliza tangu mwanzo. Anaomba maji, anasema amechoka, katikati anacheka ananiita bwege. Nikaona nikisema amekufa, baba atakatazwa kusema. Unawajua wazee wetu: sauti ya mfu ndani ya nyumba! Nikajiambia nisubiri baba apate nguvu. Siku zikaenda. Simu yako nikaikimbia kwa sababu ungenisikia tu ungejua. Karatasi haitetemeki.

Ile salamu niliitengeneza nikiamini namsaidia baba. Sasa naona nilichofanya, na ninajichukia.

Mwambie wewe, dada. Mimi siwezi.

Adam


Tinde, 16 Juni 2024

Adam,

Mwangaluka. Sisi tupo. Mimi nimekonda, gauni linanizunguka. Mpunga tumevuna, majirani walitusaidia. Yule ng'ombe mwekundu tumemchinja kwenye matanga.

Nilimwambia baba asubuhi, baada ya uji. Nilipiga magoti nikamwambia, mwanao duara limemfunika. Hakulia. Aliomba kibao kwa mkono, akakiweka kifuani, akafumba macho mpaka jua likaingia mlangoni.

Watu walikuja kutoka kila upande. Mtu anaingia, "Shikamoo mzee, pole sana." Na baba, kwa adabu yake, anagusa: "Marahaba." Sauti ya marehemu inawaitikia waliokuja kumlilia marehemu! Mama mmoja alipiga yowe akatoka mbio nusura agongwe na lori. Baba akaendelea. Aliyemwamkia, akamwitikia. Angefanya nini?

Baba mdogo Mihayo akaita wazee. Akasema hakuna mwili, na kaburi tupu ukoo wetu hauchimbi, lazima kitu chake kiingie. Tukatafuta. Nguo zake, viatu vyake, vyote viko huko kwenu. Kilichobaki cha Nkwabi hapa nyumbani ni sauti. Nilibisha, Adam, nilibisha mbele ya wanaume. Nikasema mnamziba mzee mdomo mara ya pili. Baba mdogo akanijibu kwa upole, "Mwanangu, huyu mtoto hajalazwa." Wote tukamtazama baba. Alikifuta kioo kwa pindo la shati lake, taratibu, akakiweka mikononi mwa mdogo wake.

Tulikifunga shuka tukakishusha karibu na kaburi la mama. Katekista alisema ataiombea roho ya Nkwabi, vyombo havimhusu. Mimi kichwa hakikuwepo. Sikuzima swichi.

Bonge la kwanza la udongo lilipoanguka, kutoka chini sauti ikasema, "Naomba maji."

Udongo ukaporomoka kidogo. "Naomba maji. Nimechoka. Naomba maji." Wanaume wakatupa majembe. Noela alianguka, wakambeba. Baba mdogo mwenyewe alisimama ameshika koleo. Baba alikuwa kwenye kiti. Alijitupa chini, akatambaa kwa ule mkono mmoja mpaka ukingoni, nikadhani anataka kukitoa. Kumbe alikuwa anausukuma udongo ndani. Anasukuma, analia bila sauti, anasukuma, mpaka wanaume wakaona haya wakarudi kushika majembe. Ilisema mara moja tena, kwa mbali. Kisha ikanyamaza.

Wote wa ukoo tumenyolewa nywele kwa msiba. Jina lako liliitwa, hukuwepo. Walikuulizia wengi na nikawajibu unaumwa.

Nimemuuliza baba kama anataka kibao kingine, chenye sauti yako au yangu. Alinishika koo, akalipigapiga polepole kama anabembeleza ndama. Kwa hiyo namsemea mimi. Mara nyingi nakosea na anavumilia.

Jambo la mwisho. Baba mdogo aliniuliza kama sauti yote imeingia kaburini. Nikasema yote. Wewe na mimi tunajua ile kompyuta yako ina nini. Nimedanganya kwenye kaburi kwa ajili yako, Adam. Sitafanya tena.

Melania


Geita, 23 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Mpe baba shikamoo, na Noela mwambie pole. Huku mvua imekatika, vumbi limerudi. Afya yangu si nzuri, silali.

Nimefuta. Nilisikiliza moja, nikafuta, nikasikiliza nyingine. Kompyuta inauliza kila mara kama nina hakika. Hata pale anaponiita bwege nimefuta. Hakuna kilichobaki kwangu wala popote, unaweza kumwambia baba mdogo na ikawa kweli.

Nilikukataza kuniuliza kitu. Nakujibu leo. Aliita, dada. Kutwa nzima tulimsikia. Hakuita jina la mtu, aliomba maji. Tuliteremsha mpira wa maji kwenye upenyo, ukakwama, tukaujaribu tena, ukakwama. Jioni akanyamaza. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi pale juu na chupa mkononi.

Ndiyo maana nilishindwa kuwaambia ukweli. Kwenye kibao chako alikuwa bado anaomba maji, na kila alipoomba, wewe uliinuka ukampa.

Nakuja Jumamosi. Mwambie baba mdogo aniwekee wembe.

Mdogo wako,
Adam